Miti Mizima ya Shangazi

Kule ofisi ya misitu walimwita Mama Ramani, ingawa hakuwa na mtoto. Mtoto wake, walimtania, ni kompyuta.

Mnyauko ulikuwa umeingia msituni mwaka wa pili sasa. Uliletwa na mbawakawa wadogo kuliko punje ya mchele, waliotoboa gome la mti mgonjwa, wakatoka na ugonjwa mwilini, wakahamia mti jirani. Dawa haikuwepo. Kilichobaki ni kukata. Lakini ukate ipi, na uishie wapi? Kwa miezi minane Mama Ramani aliukuza na kuuua msitu wa kwenye kompyuta, mara elfu na zaidi. Alipokata miti migonjwa tu, msitu wote ulikufa. Mwishowe jibu likapatikana: kila mti mgonjwa ukatwe pamoja na yote iliyouzunguka, hatua mia mbili kila upande, kabla joto halijaanza.

Kwenye ramani, duara moja la kukata likaangukia shamba la shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?"

Akamweleza. Shangazi akasikiliza huku akichambua mboga, kisha akaweka ungo chini.

"Mgonjwa wangu ni mmoja tu, ule wa kona. Hii mingine ina kosa gani?"

"Haina kosa, shangazi. Ila tukiiacha, msitu mzima utakwenda."

"Una hakika?"

"Nimepiga hesabu mara elfu."

Shangazi akauchukua tena ungo. "Basi kateni. Wewe ndiye tuliyekusomesha."

Walikata siku tatu. Misumeno ilipokuwa ikilia, shangazi alijifungia ndani na redio akaiongeza sauti hadi mwisho.

Magogo yalipaswa kubebwa na kuchomwa ndani ya siku kumi. Siku kumi zikapita. Mama Ramani akampigia simu mkandarasi wa kuyabeba: lori liko gereji. Akaandika barua ya kuomba lori jingine, barua ikakaa kwenye meza ya mkuu wa idara ikingoja saini. Alipoingia mwenyewe, mkuu akamwambia, "Dada, haraka haraka haina baraka."

Siku ya ishirini na tano alichukua panga akaenda kubandua magome kwa mikono yake, wadudu wasizaliane chini yake. Hadi jioni alikuwa amemaliza magogo manne, viganja vimechubuka. Yalibaki zaidi ya mia tatu.

Joto likaanza. Alipoyarudia magogo alikuta yamejaa vitundu, na chini yake unga mwembamba wa mbao. Wadudu walikuwa wamezaliana humo kwa raha zao, maana mti uliolala haujitetei, na sasa walikuwa wamesharuka.

Alirudi ofisini akaufungua msitu wake wa kwenye kompyuta. Alichokitafuta kilikuwa kwenye mstari mmoja tu: humo, mti ukikatwa ulihesabiwa umeondoka siku hiyo hiyo. Hakuna lori linaloharibika, hakuna saini inayosubiriwa. Akaongeza siku arobaini za kungoja, akaendesha upya. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, kana kwamba kompyuta ingemwonea huruma. Jibu halikubadilika: bora wasingekata kabisa.

"Ungesema mapema," mkuu alimwambia alipomwonyesha jibu hilo, halafu akamwagiza achore maduara mapya ng'ambo ya barabara, maana mnyauko ulikuwa umeshavuka.

"Na lori, mkuu?"

"Lori tunalishughulikia."

Akayachora. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa kwamba bila lori mtu yeyote asikate. Karatasi ziliporudi kutoka juu, mstari ule ulikuwa umefutwa na kazi imeanza.

Jumapili akaenda kwa shangazi. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, yakamponyoka yote mlangoni; akamweleza tu kwamba wadudu walizaliana kwenye magogo na kuruka.

"Kwa hiyo miti yangu ilikatwa bure," shangazi akasema.

"Ilikuwa ni lori, shangazi. Lori halikuja."

"Nakuuliza wewe. Lori silijui."

Jua liliingia moja kwa moja hadi sebuleni, mahali ambapo miaka yote palikuwa na kivuli, na shangazi alikuwa amesogeza kiti chake mpaka kwenye ukuta wa mwisho.

"Na hao wa ng'ambo ya barabara wanaokatiwa sasa," akauliza shangazi, "nao umewaambia una hakika?"