Viatu Chini ya Benchi

Naapa kila neno la kisa hiki ni kweli tupu. Nikikutwa nimepiga chuku hata mahali pamoja, basi nipewe ndoo na dekio niusafishe ukumbi wenyewe wa dansi, kona hadi kona, peke yangu. Ukumbi si mkubwa, kwa hiyo naapa bila wasiwasi.

Mwalimu wa pale, anayefundisha dansi ya wawili wawili, walimwita Unyoya, maana akizunguka ungedhani sakafu haina habari naye. Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha walimu wenzake. Kabla hajamshika mwanafunzi, awe mwanamume au mwanamke, alinyoosha kiganja, akasema "Naomba?" halafu akangoja. Ukiweka mkono wako, mnacheza. Usipouweka, anatabasamu na kupita zake, wala hakuna wa kukuuliza sababu. Wenzake walimtania kwamba anaomba mkono kama mtu anayeomba chumvi mezani. Hakujali. Wanafunzi wake wengi walikuwa wamewakimbia walimu ambao mikono yao ina tabia ya kupotea njia, na mwenye ukumbi alimpa funguo kwa sharti moja: siku mwanafunzi akilalamika kuguswa isivyofaa, funguo zinarudi na darasa linakufa.

Basi jioni moja, muziki ukiwa umemkolea, Unyoya alimwona mama mmoja mfamasia, mwanafunzi mpya asiyesema sana, amekunja mgongo. Akamjia kwa nyuma, akabandika kiganja katikati ya mabega yake, akamsukuma kidogo.

"Nyoosha."

Hakuomba.

Mfamasia alikauka kama ubao. Kisha akachukua mkoba wake akashuka ngazi, viatu vya dansi vikiwa bado miguuni. Vile vyake vya kutembelea vikabaki chini ya benchi.

Wiki nzima viatu vile vilimkodolea macho Unyoya. Vilikuwa vyeusi, kisigino kimoja kimelika upande. Akifundisha, jicho linakwenda kulekule. Mwanafunzi mmoja alitaka kuvisogeza apate pa kuweka miguu, Unyoya akamfokea, yeye ambaye hakuwahi kumfokea mtu. Simu ikilia, anairukia. Hatimaye ujumbe ukaingia: "Kesho nafuata viatu vyangu. Nakuja na kaka yangu."

Alimwonyesha binti wa shangazi yake, anayefundisha pamoja naye. Dada huyo alisoma, akamwambia asijitie presha. Kila mwalimu hunyoosha migongo ya wanafunzi; hakuna aliyeona zaidi ya hapo; itasemwa tu kwamba mama huyo hakuelewa.

"Wewe nyamaza, kaka," akasema. "Kusema niachie mimi."

Jasho jembamba likamtoka Unyoya, maana alijua maneno yale yangefua dafu. Watu wangemwamini yeye, kwa sababu ya kile kiganja chake cha kuomba, na mfamasia angeteremka ngazi akionekana ndiye mwenye kasoro.

Kesho yake ngazi zikaanza kulia. Mfamasia aliingia kwanza. Nyuma yake akaja kaka mtu, na ukumbi ukaingia giza, kwa kuwa jitu lile liliziba mlango mzima. Lilipoinama kupita, fremu ya juu iling'oka ikabaki inaning'inia shingoni mwake kama tai. Viganja vyake vilikuwa mabeleshi. Wanafunzi walirudi nyuma hadi ukutani. Mwenye ukumbi, aliyekuwa akipanga viti, alisimama na kiti mkononi.

Dada akaanza kueleza kwamba mwalimu alikuwa anasahihisha tu.

"Acha, dada," Unyoya alisema. Akamgeukia mfamasia. "Nilikugusa bila kukuomba. Tena kwa nyuma, ambako hukuniona. Wewe hukukosea kitu. Mimi ndiye niliyekosea."

Mfamasia aliweka mkoba wake juu ya benchi.

"Wiki nzima najiuliza kama nina wazimu," alisema. "Kila mtu aliniambia huyu ndiye mwalimu anayeomba."

"Siku ile sikuomba."

Unyoya alitoa funguo mfukoni akaziweka juu ya benchi. Mwenye ukumbi hakuzichukua. Alisema mwenye kuamua ni aliyeguswa. Mfamasia alifikiri, akafikiri, na Unyoya akahisi roho inataka kumtoka kwa kungoja. Mwishowe mama huyo alisema darasa lisife, ila funguo zikae kwa dada, na dada ndiye atakayemfundisha yeye. Unyoya akae kwenye kiti, pale mbele, mahali yeye mfamasia anapomwona.

Unyoya akakaa. Kaka mtu akachukua viatu. Siku hiyo mfamasia hakumpa Unyoya mkono, wala mwezi ule mzima, na Unyoya hakuuliza.

Hapo ningetia nukta. Lakini dada huyo wa Unyoya ndiye mke wangu, na amesoma haya yote juu ya bega langu bila kuomba ruhusa.

"Mume wangu," amesema, "kaka wa mfamasia ni yule mfupi mwenye miwani. Nilimsogezea kiti afikie swichi ya feni."

Nimejitetea kwamba kwa macho ya mtu mwenye hofu alikuwa na urefu huohuo niliousema. Akanijibu kwamba fremu ya mlango iko mahali pake tangu ukumbi ujengwe, na kwamba niliapa mwenyewe, hakunishikia fimbo.

Mistari hii ya mwisho naiandikia kwenye benchi lilelile, nikingoja kona ya kwanza ikauke. Na ukumbi huu, jamani, si mdogo.