Jua la Wifi

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja, na mtaa mzima ulimwita Kibonge. Fundi, mama mtu, alilipenda jina hilo. Kwake yeye, mtoto kunawiri ni ushahidi kwamba mama hazembei. Mtoto akitoka shule, alimweka ndani, kando ya cherehani, na soda, biskuti na televisheni, jua lisimuunguze.

Kisha miguu ikaanza kumuuma. Daktari akasoma majibu ya damu: vitamini D ilikuwa chini mno.

"Mbona anakula vizuri, daktari?"

"Anakula sana, mama, si vizuri. Vitamini hii mwili huitengeneza kwa jua, naye hatoki. Hata hiyo kidogo aliyo nayo, mafuta ya mwilini yanaishikilia, damu inaambulia makombo."

Akamwandikia dawa, akakataza soda, akataka mtoto acheze nje.

Lakini nguo za watu hazingoji, fundi hakuweza kutoka naye. Basi wifi yake, aliyeuza miche ya maua mtaa wa pili, akajitolea kukaa na mtoto kila alasiri.

Hapo ndipo roho ya fundi ilipoanza kuungua. Kibonge alirudi na udongo kwenye kucha na jina moja tu mdomoni. Shangazi kasema hivi, shangazi anaweza vile.

"Mama, kwani wewe hujui kuruka kamba?"

Fundi akajichoma sindano. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akawaza. Huyu hata kuzaa hajazaa, leo ananipora wangu!

"Kesho huendi," akasema. "Jua kali."

Mtoto akarudi kwenye kochi, akawa anaikodolea televisheni bila kucheka. Wiki haikuisha, miguu ikazidi kumuuma, akalia. Mama akamkumbatia.

"Nipeleke kwa shangazi," mtoto akasema kifuani mwake.

Neno lile lilimkata maini. Hata hivyo akafunika cherehani, akamshika mkono, wakaenda. Wifi alikuwa ameinama katikati ya miche.

"Wifi, nilikuonea wivu," fundi akasema harakaharaka, kama anayemeza dawa chungu.

"Najua. Ungekuja tu nawe." Akamsukumia ndoo ya maji. "Anzia upande ule."

Miezi ikapita. Uzito haukushuka sana, ila uliacha kupanda. Damu ikapata nafuu, na miguu ikatulia. Wivu ndio haukupona. Kibonge akijikwaa akaita, "Shangazi!", moyo wa fundi bado huruka. Huendelea kumwagilia miche.