Kabati Lililowahi Idd

Feni ilianza kunguruma nikiwa katikati ya uwanja, mvua inanipiga usoni na kandambili yangu moja imenasa kwenye matope nyuma. Sikurudi kuichukua. Nilijua kinachofuata baada ya feni: mkanda wa kutolea, kisha mkanda wa kupandishia, na mwisho kabisa krasha yenyewe, mashine kubwa ya kusaga mbata, yaani nazi kavu. Ndani ya krasha alikuwamo mume wangu, amelala chali katikati ya visu, anafungua boliti. Saa yake ya mkononi nilikuwa nimeivaa mimi, maana kila alipoingia kwenye mashine alinivulia nimshikie.

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, naogopa hata kuku akinitazama sana, na watu wa kwetu wamenicheka kwa hilo tangu utotoni. Lakini woga wa asubuhi ile ulikuwa wa namna nyingine. Radi huijui itapiga wapi. Ile mashine niliijua hatua kwa hatua, kwa sababu kuitazama ikiamka ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Kiwanda chetu cha mafuta ya nazi, njia ya kwendea Tongoni, kilikuwa kimeshauzwa na serikali. Wa rika langu wanakumbuka miaka ya foleni, mama zetu wakifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, huku mbata za Moa na Pemba zikiozea bohari kwa sababu mashine hazina vipuri. Mwenye mali mpya alileta vipuri, akaleta rangi, akapunguza watu nusu, kisha akaleta kompyuta. Sisi tuliobaki tulijifunza kutouliza sana.

Kompyuta ilikaa ofisini, na mimi, Asmahani binti Hatibu, nilipelekwa Dar es Salaam kufundishwa kuitumia. Kutoka ofisini waya ulizikwa kwenye mfereji, ukavuka uwanja mpaka kwenye kabati la umeme ndani ya nyumba ya mashine. Waya huo ndio tuliouita netiwaki. Nilibonyeza huku, kabati likatii kule. Kabati nalo lilikuwa na saa yake ndani: ukishaliambia lianze kazi siku gani, lilikumbuka hata kama kompyuta imezimwa. Zamani fundi akitaka kuingia kwenye krasha alichomoa fyuzi akaitia mfukoni. Kabati jipya lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikaa nao mkuu wa mitambo, Bwana Ibrahimu, kijana wa Maramba aliyesoma akaelimika. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba mambo ya kutembea na fyuzi mfukoni yamepitwa na wakati, na hakuna aliyetaka kubishana naye huku wenzetu wakiwa nyumbani hawana kazi.

Desturi moja ya zamani hata mwenye mali hakuigusa. Mwezi wa Ramadhani, king'ora cha kiwanda ndicho kilichofuturisha mtaa mzima. Hapo nyuma mlinzi alikipiga kwa mkono. Ibrahimu akalikabidhi kabati kazi hiyo: akaliwekea jioni zote za mwezi, akakisia mwezi utaandama siku ya ishirini na tisa, akaweka Idd Alhamisi na Ijumaa, na mitambo ianze tena Jumamosi saa mbili asubuhi.

Jumatano jioni tukatoka kuutafuta mwezi. Mbingu yenyewe haikuonekana, sembuse mwezi. Redio ikatangaza tufunge ya thelathini. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Ibrahimu alikuja ofisini, akasogeza kila kitu siku moja mbele, mimi nimesimama ubavuni mwake naona. Kioo kikaandika kwamba mabadiliko yamehifadhiwa. Akanitakia Idd njema, akaenda zake Maramba kwa wazazi wake.

Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na alama ndogo ya netiwaki, ya kijani mawasiliano yakiwapo, nyekundu yakikatika. Tangu maji yajae kwenye mfereji wa waya, alama ile ilikuwa ikigeuka kutwa nzima. Tulikuwa tumeshaacha kuitazama.

Jioni ile king'ora hakikulia. Nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani yangu Bi Mwanaima, tende mkononi, na mvua imemeza adhana za misikiti yote. Tukangoja, tukatazamana, tukangoja tena, hata tulipofuturu giza lilikuwa limeshatanda. Bi Mwanaima alipomaliza kunywa uji akaniangalia kwa jicho la utani.

"Kompyuta yenu ishakula Idd peke yake, mwanangu. Sie twangoja mwezi."

Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kabla ya isha. Kesho yake, kila nyumba niliyoingia kutoa mkono wa Idd niliulizwa kama kompyuta imeshashiba. Nilicheka na mimi. Ningefanyaje, ilikuwa Idd, pilau ilikuwa nzuri, na mume wangu alikuwa amevaa kanzu niliyomshonesha mwenyewe. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu tuoane.

Jumamosi, Idd pili, mume wangu Jaku na fundi mwenzake Uweso waliitwa kiwandani kubadilisha visu vya krasha kabla kazi haijaanza Jumapili. Nami niliitwa, kwa sababu mwenye mali hakutaka mafundi wawe ndani bila mtu kwenye kompyuta. Jaku alikuwa mtu wa Pemba, mwingi wa mzaha, na katika Uweso alikuwa amepata kiboko yake. Mmoja akiwa ndani ya mashine, mwingine alimvizia akamshika mguu kwa ghafla. Watu wazima, lakini mchezo huo hawakuuchoka. Niliwaacha pale mlangoni mwa krasha wakitupiana maneno, Jaku akanivisha saa yake, nikaenda kukaa ofisini.

Nilifungua visheti alivyonifungia Bi Mwanaima. Nikakumbuka utani wake, nikatabasamu peke yangu. Halafu nikakiweka kisheti chini kabla ya kukimaliza.

Kwa nini king'ora hakikulia Alhamisi? Ibrahimu alikuwa amekisogeza asubuhi yake, nilimwona kwa macho yangu. Kama habari ya king'ora haikufika kwenye kabati, basi hakuna habari yoyote iliyofika. Kompyuta ilijua kwamba Idd imesogea. Kabati halikujua. Kwa kabati, Idd ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, imekwisha, na leo ni siku ya kazi kama siku nyingine.

Nikatazama pembe ya kioo. Nyekundu. Nikabonyeza kusimamisha mitambo yote. Kioo kikanijibu kwa Kiingereza chake kwamba hakuna mawasiliano. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu ndani anayenipuuza. Nikainua simu ya kuongea na nyumba ya mashine. Ilikuwa kimya, kwani waya wake ulipita mfereji uleule. Nikaangalia saa ya Jaku, na mshale mkubwa ulikuwa unakaribia kabisa kufika juu.

Swichi kuu ilikuwa getini, upande wa mbali. Nyumba ya mashine ilikuwa karibu. Sikukaa kupima, miguu ilishaamua.

Basi ndipo feni ilipoanza nikiwa katikati ya uwanja. Nilipiga kelele jina lake mpaka sauti ikanikauka, na najua hata aliyekuwa umbali wa hatua mbili asingenisikia. Nilipoingia nyumba ya mashine, mkanda wa kutolea ulikuwa unazunguka mtupu. Nilimtafuta Uweso kwa macho, hayupo. Alikuwa amekwenda getini kufuata chai, kwa kuwa Idd pili watu wa mtaa huleta vyakula kwa walio kazini. Pale chini palikuwa na spana zilizopangwa juu ya gunia, makubadhi ya Jaku, na mwanga wa tochi ukitoka kwenye tundu la krasha.

Tundu lilikuwa chini, kadiri ya upana wa mabega ya mtu. Nilianguka magotini, nikaingiza mkono, nikaushika mguu wake na kuuvuta.

Akanipiga teke. Nikamsikia anacheka.

Sijawahi kusikia sauti iliyonitisha kama kicheko kile. Alidhani mimi ni Uweso. Feni nayo alidhani inajaribiwa tu, maana nani angewasha mitambo ilhali mkewe ndiye aliyekaa kwenye kompyuta? Nikavuta tena, akajikaza, akang'ang'ania ndani kama wanavyofanya siku zote kwenye mchezo wao. Nyuma yangu mkanda wa kupandishia ukashtuka, ukaanza kupanda. Baada ya huo ni krasha, hakuna kingine. Nilikuwa nalia, najikojolea, nayasema yote kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikaingiza kichwa changu ndani ya lile tundu, nikaupata muundi wa mguu wake, nikamng'ata. Nilimng'ata kwa meno yote, kama mtu anayetaka kukata kamba, mpaka nikaonja damu.

Alitoka kwa hasira, spana mkononi, tayari kumtwanga Uweso. Mabega yake yalikwaruzwa na chuma, kichwa kikafuata. Nilimkumbatia kiunoni nikajitupa naye nyuma, tukaanguka juu ya zile spana.

Krasha ikaanza. Tochi aliyoiacha ndani ilitoa mlio mmoja mfupi, kisha visu vikaendelea kuzunguka vyenyewe, laini, bila kazi ya kufanya.

Tulikaa pale chini. Jaku aliitazama krasha. Kisha akageuka kunitazama mimi, mkewe, mwenye kompyuta, damu mdomoni, saa yake mkononi. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Akajisogeza nyuma kidogo, kwa makalio, mbali na mimi.

"Weye ndo ulowasha?"

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulifunguka, ukatoa mlio tu. Nilitikisa kichwa, nikakitikisa tena, naye akaendelea kunitazama. Uweso akaingia na chupa ya chai, akaona, akaiachia ikavunjika, akakimbia getini kuzima umeme. Kimya kiliposhuka ndipo niliposikia meno yangu yanavyogongana.

Nilimweleza Jaku baadaye, nyumbani. Nikamweleza tena Ibrahimu alipotoka Maramba, mbele ya wote, juu ya mwezi na king'ora na mfereji uliojaa maji. Ibrahimu alikaa kwenye ngazi za ofisi akajifunika uso. Mwenye mali aliagiza waya mpya na kuamuru ufunguo wa kabati wapewe mafundi. Jaku alisikiliza yote, akaelewa yote, akanishika mkono mbele za watu akasema mke wake amemtoa kaburini. Aliyasema kwa moyo wake wote. Sina shaka na hilo hata kidogo.

Kiwanda chenyewe hakikudumu. Mafuta ya bei rahisi yalishuka kutoka nje, mwenye mali akakata mashine vipande akauza chuma chakavu. Tukahamia Moa, kwa mama yangu, na siku hizi Jaku ana banda lake la kutengeneza bodaboda. Utani ulimrudia taratibu. Kovu la meno yangu liko palepale kwenye muundi, na wajukuu, watoto wa binti yetu Najat, wakiliona huwaambia bibi yao alikuwa na njaa kali siku ya Idd pili, pilau haikumtosha. Wao hucheka mpaka wanagaagaa. Mimi hucheka pia, kisha natafuta kitu cha kufanya jikoni.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatujawahi kuliongelea. Jioni, magharibi ikishaingia na nyumba imekuwa nyeusi, mimi ndiye ninayesimama kwenda kuwasha taa. Nikiinua mkono kuelekea kwenye swichi, Jaku huacha alichokuwa anakifanya. Kama anakunywa maji, kikombe husimama njiani. Macho yake huufuata mkono wangu, na mabega hujikaza kama ya mtu aliye mahali pembamba. Hajui kwamba anafanya hivyo. Miaka ya mwanzo iliniumiza sana. Nilikwenda chooni nikalia, nikajiuliza nimtoe mara ngapi ndipo aamini kwamba siye mimi niliyemtia mle.

Siku hizi siulizi. Nimejifunza kusimama kwanza, kugeuka ili anione vizuri, na kusema kabla mkono haujanyanyuka.

"Baba Najat, nawasha taa."

Naye hushusha pumzi, huweka kikombe chini, hujivuta kidogo kwenye mkeka.

"Haya," husema. "Washa."