Gobori la Sebuleni

Tangazo la kusalimisha silaha lilipopita Utemini kwa kipaza sauti, Mwanvua aligeuka akalitazama gobori lililotundikwa sebuleni kwake. Marehemu mumewe alilinunua mnadani Ikungi, akasema ni pambo tu, limetengenezwa kuiga la zamani. Miaka yote Mwanvua amekuwa akilifuta vumbi pamoja na saa ya ukutani. Ila maneno na polisi hakuyataka, akamwita jirani yake mzee Anselm, askari wa wanyamapori mstaafu aliyewahi kuwanyang'anya majangili magobori mengi.

"Shikamoo, mzee Anselm. Niangalizie, roho yangu itulie."

"Marahaba, mama Hanifa."

Mzee aliliteremsha taratibu, mdomo wa mtutu ukielekea juu. Akakwangua kutu kwa ukucha, akachungulia mahali pa kuwekea fataki ya kuwashia baruti.

"La pambo hapa huwa hawatoboi. Hili limetobolewa, na mtutu umefuliwa kwa nyundo. Ni gobori lenyewe."

Mwanvua akacheka kidogo. Mumewe angelifurahia hilo.

Mzee akaomba ufito. Akauingiza mtutuni mpaka ukagota, akashika kwa kidole pale ulipoishia mdomoni, akauchomoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ulipungua karibu shibiri nzima kufika kwenye tundu la fataki. Akarudia. Ikawa vilevile.

"Kuna kitu ndani," alisema, sauti imeshuka. "Limeshindiliwa baruti na risasi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjalinunua. Kuna mtu amewahi kulifyatua?"

Mwanvua akakaa sakafuni. Siku ya harusi ya bintiye, Hanifa mwenyewe alilishusha ukutani, akamwekea bwana harusi mtutu kifuani, akavuta kifyatulio ili mpiga picha apate picha ya kuchekesha. Chuma kililia ta. Wanawake wakapiga vigelegele, na cha Mwanvua ndicho kilichosikika kuliko vyote.

"Hanifa," alisema. "Alimlenga mumewe."

Mzee Anselm akagusa tundu kwa kidole. "Fataki haikuwepo. Ni hilo tu."

Alimimina maji mtutuni ili baruti ilowe, kisha akawapigia polisi, wakaja wakalichukua. Walipoondoka, Mwanvua alimpigia Hanifa.

"Mpe mumeo simu."

"Kuna nini, mama?"

"Mpe tu."

"Shikamoo, mama," mkwewe Luqmani alisalimia, mchangamfu kama kawaida yake.

 Mwanvua akabaki ameishikilia simu sikioni, akimsikiliza anavyopumua.