Menyu ya Juu Kushoto

Delfina Zapata alijifunza kusoma akiwa na miaka sabini na mbili, katika maktaba ya mtaa wao kule Paraná, Ajentina. Kompyuta ya maktaba ilikuwa kuukuu, ya mfumo wa Linux, na yeye aliijua kama jikoni kwake: menyu juu kushoto, ukurasa wa kuandikia wa tatu kutoka juu, printa mwisho kabisa.

Dada yake Eusebia, aliyekaa Posadas, alikuwa anatimiza miaka themanini. Maisha yote Delfina alimtumia barua zilizoandikwa na watu wengine. Hii aliapa kuiandika mwenyewe. Jirani yake Ramona angeibeba kwa basi la saa sita mchana, siku ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Delfina akaketi mbele ya kompyuta, akaiwasha. Menyu haikuwepo. Palikuwa na picha ya mlima tu, na mshale uliotambaa kama konokono. Delfina akaikunja mikono mapajani. Alidhani ni yeye aliyesahau.

Lautaro, fundi wa kujitolea, alikuja kueleza. Ijumaa nzima, siku yake ya mapumziko, alikuwa hapo akipangusa vumbi na kuweka sura mpya ya skrini, kwa kuwa ile ya zamani walioitengeneza waliitupa, haizibwi tena matundu, na wezi wanaweza kuingilia humo.

"Utazoea tu, bibi."

"Nitazoea, mwanangu. Lakini basi la saa sita halitanisubiri nizoee."

Nélida, mkutubi, alikuwa akimimina mate, ile chai ya majani ya kwao inayonywewa kwa mrija, kibuyu kimoja kikizunguka kwa zamu. Kibuyu kilipomfikia Lautaro, macho yake yalikuwa kwenye ule mshale mzito, na kwa kukosa subira akaanza kuukoroga mrija. Delfina akamshika mkono, taratibu.

"Nani alikufundisha hivyo? Majani yamekaa mahali pake, wewe unayavuruga."

Lautaro akacheka kwa haya. Bibi yake mzaa mama, alisema, angemchapa vidole.

"Basi mimi sikuchapi. Ila na menyu yangu ilikuwa imekaa mahali pake."

Lautaro akainywa mate mpaka mrija ukakoroma. Kisha akasema kwamba wapo watu waliokataa kuitupa sura ile. Waliichukua, wakaendelea kuitengeneza: uso ule ule, matundu yamezibwa. Tena ni nyepesi, mashine hii itaiweza. Hakuwa amefikiria kwamba kuna mtu angeihitaji. Akaomba nusu saa.

Delfina alimpa. Nélida akaongeza maji ya moto, na hakuna aliyemharakisha.

Nusu saa ikawa saa nzima, na saa tano na robo skrini ikafunguka. Juu kushoto, pale pale, menyu. Mkono wa Delfina ukaenda wenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, mistari tisa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia hata alipotafuta herufi ya z kwa muda mrefu. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka ya moto, naye akasimama akaisoma kwa sauti kuanzia juu:

"Eusebia, safari hii ni mimi mwenyewe."

Akaisoma yote, bila kukwama. Ramona, aliyefika na mkoba wake, alilia mlangoni na kusema ni vumbi.

Basi liliondoka na barua. Lautaro alimrudishia Nélida kibuyu kitupu bila kusema asante, maana kwao anayeshukuru ametosheka, na yeye alitaka kingine. Delfina alikuwa amefungua ukurasa mpya.