Makofi ya Ukumbi Mtupu

Mwaka ule tuzo za filamu zilirushwa hewani alasiri, jua likiwaka, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku. Waandaaji walitaka wapiga picha, wapambaji na mtangazaji wawe wamefika makwao kabla askari hawajaanza kuwauliza watu maswali barabarani. Basi watu wakajikuta wanatazama magauni ya kumetameta saa ambayo kwa kawaida wangekuwa wanaanua nguo kambani.

Mwalimu naye alikuwa mbele ya runinga. Kila mtu alimwita Mwalimu, kuanzia muuza mboga hadi mama mkwe wake, kwa kuwa tangu ujana wake alifundisha darasa la kwanza. Sasa shule zilikuwa zimefungwa. Kwenye kochi hilohilo alijikunyata binti yake, mwanafunzi wa chuo aliyerudishwa nyumbani na maradhi yaleyale yaliyofunga shule, simu mkononi, akisoma yale ambayo watazamaji walikuwa wakiandika mtandaoni.

Mumewe Mwalimu alikuwa fundi wa sauti katika filamu. Wenzake walimwita Sikio, kwa sababu aliweza kusimamisha kazi ya watu thelathini eti amesikia friji ya jirani inanguruma. Aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akiwatania wauguzi, na hakutoka. Alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi unyayoni. Mwalimu na Binti waliwekwa mbali, nyuma ya utepe, wakamtazama mtu wao akishushwa harakaharaka kama mzigo uliochelewa. Hakuna aliyekuja kukaa nao. Watu walituma ujumbe, wengine walituma picha ya mshumaa, kisha kila mtu akarudi kwenye hofu yake mwenyewe. Mwalimu hakuwalaumu, lakini iliuma, na iliendelea kuuma.

Juu ya hayo yote kulikuwa na uongo.

Mama mkwe wake, bibi yake Binti, aliishi mji mwingine kwa mwanawe mdogo, dereva wa lori la mizigo. Bibi naye aliugua wakati uleule, akalazwa, akaponea chupuchupu. Sikio alipokata roho, mama yake alikuwa kwenye oksijeni, hajitambui. Daktari akasema moyo wa Bibi ni dhaifu na mshtuko wowote unaweza kumwondoa. Hapo shemeji akakata shauri kwa niaba ya ukoo mzima.

"Mama asiambiwe," alisema. "Akipata nguvu nitamwambia mwenyewe."

Mwalimu alikubali kwa shingo upande, akidhani ni jambo la siku chache. Bibi akarudi nyumbani, akaanza kula, akaanza hata kugomba kwamba chakula hakina chumvi, na shemeji bado akawa anasema ngoja kwanza. Watu wa namna hii, ukiwapa neno gumu la kusema, watatafuta sababu ya kungoja hata mawinguni.

Kwa hiyo kila siku Bibi alipiga simu kuuliza hali ya mwanawe, na kila siku Mwalimu, aliyewahi kuwapigisha magoti watoto wa watu kwa uongo wa penseli, alidanganya. Kwanza alisema mgonjwa amewekewa mashine ya kupumulia. Baadaye akasema mashine imetolewa, ila koo limeumia na daktari amemkataza kuongea.

"Basi mwambie namsalimu," Bibi alisema kila mara.

"Naye anakusalimu, mama. Anasema ule vizuri."

Akishakata simu, Mwalimu aliingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akasimama pale huku maji yakimwagika bure. Kulia kwa sauti hakuthubutu. Mfiwa gani analia wakati mgonjwa wake anaendelea vizuri?

Ndipo katibu wa chama cha mafundi wa filamu alipompigia kumwambia kwamba picha ya Sikio itaonyeshwa kwenye tuzo, sehemu ile ya kuwakumbuka waliotutoka, na jina lake litatajwa. Mwalimu alishukuru mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye nchi nzima ingejua kwamba kulikuwa na mtu kama huyu na sasa hayupo. Angalau kwa nukta chache mumewe angeliliwa na watu.

Alipomweleza shemeji, shemeji alikuja juu.

"Shemeji, unataka kumuua mama? Tuzo hizo hazikosi hata mwaka mmoja! Hukaa pale mpaka yale majina madogo ya mwisho, anamtafuta mwanawe. Na mimi siku hiyo niko safarini, mama atakuwa peke yake na runinga. Akiona ile picha, tutazika wawili."

Mwalimu alikubali tena. Akampigia katibu, akamwomba amtoe Sikio. Katibu alidhani simu ina matatizo.

"Tumtoe? Una hakika, Mwalimu?"

"Nina hakika," alisema Mwalimu, ambaye siku hizo hakuwa na hakika hata ya siku ya wiki.

Ndiyo sababu alasiri hiyo alikaa akitazama sherehe ambayo yeye mwenyewe alimfukuza mumewe ndani yake. Alijiambia anatazama ili awe tayari Bibi akipiga simu. Ukweli ni kwamba moyoni alikuwa akiomba katibu asahau. Aliiogopa ile picha na aliitamani, vyote kwa pamoja.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Kwenye viti walibandika picha kubwa za waigizaji waliotabasamu, na mtangazaji, masikini, aliwatania wale watu wa karatasi kama vile wangemjibu. Washindi walikuwa majumbani kwao. Mmoja alishukuru kwa hisia nzito, machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyemsikia kwa sababu hakuwasha kipaza sauti. Mwingine aliganda mdomo wazi. Kila jina lilipotajwa, makofi ya rekodi yalifumuka kutoka ukumbi ule usio na mikono, na kila mara, mahali palepale, mtu mmoja alipiga mluzi.

"Watu wamemshtukia mpiga mluzi," Binti alisema, akisoma kwenye simu. "Huyu anasema apewe tuzo yake, amefanya kazi kuliko wote. Huyu mwingine anauliza kama amevaa barakoa, na kama amevaa, huo mluzi unapitia wapi."

Mwalimu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini Binti aligeuka akamtazama kama aliyeona mgonjwa akiomba chakula.

Kisha taa za ukumbini zikafifia na piano ikaanza. Mtangazaji akasema mwaka huu umetunyang'anya wengi. Picha zikaanza kupita moja moja: mwigizaji mkongwe wa vichekesho, mwandishi, mama aliyeshona mavazi ya filamu maisha yake yote. Kila uso ulikaa kidogo, jina likatajwa, ukaondoka. Binti aliacha simu, akaushika mkono wa mama yake. Mpiga picha. Mwongozaji. Mchoraji wa mabango. Kisha kioo kikawa cheusi, na Mwalimu akajua kwamba katibu ni mtu mwaminifu, hakusahau.

Alihisi kama aliyemzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Mtangazaji aliinamisha kichwa. Hapo yalipaswa kuingia makofi ya upole, ya heshima. Kikasikika kishindo kidogo, kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya karibu, yenye kautani ndani yake.

"Makofi, ukumbi mkubwa, mara ya tatu. Jamani, msipige kama mmelazimishwa. Pigeni kama aliyeshinda ni mtoto wenu. Haya!"

Makofi yakalipuka, na mluzi ndani yake.

"Baba!" Binti aliruka kutoka kwenye kochi. "Mama, ni baba!"

Alikuwa yeye. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi siku zote: kabla ya kurekodi chochote, iwe mvua juu ya bati au mlango unaofungwa, alikitaja kwa sauti yake na kusema ni mara ya ngapi, ili atakayeitumia rekodi asihangaike kuitafuta. Anayeitumia, kazi yake ni kukata yale maneno ya mwanzo. Tangu sherehe ianze makofi yale yalikuwa yamekatwa vizuri, mpaka fundi fulani kwenye mitambo, labda naye macho yamemjaa maji kwa picha zile, akabonyeza faili lisilokatwa.

"Samahani watazamaji," mtangazaji alisema, akishika sikio lake. "Tumepata hitilafu ndogo ya sauti."

Simu ya Binti ilikuwa inatetemeka kwa maneno ya watu. Nchi ilikuwa imeangua kicheko. Nani huyo bosi wa makofi? Kumbe hata kwenye msiba tunasimamiwa! Mimi nimepiga, baba, usinikasirikie! Binti alisoma machache kwa sauti, kisha akaacha.

"Wanamcheka," alisema. "Mama, hawajui. Naandika. Nawaambia ni nani."

"Usiandike kwanza."

"Kwa nini tuwaache—"

Simu ya Mwalimu ikaita. Alikuwa Bibi.

"Mwalimu! Umemsikia?" Bibi alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi mbio. "Umemsikia mwanangu?"

"Mama..."

"Nimemjua kabla hajamaliza neno la kwanza! Kumbe koo limepona na hamniambii. Mlitaka kunishtukiza, eh? Watu wabaya nyie! Nimepiga vigelegele hapa peke yangu mpaka jirani amegonga ukuta." Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Ila waambie mabosi wake wamrudishe kazini polepole, mtu mwenyewe hata nguvu hajapata. Sasa sikiliza. Akimaliza, anipigie. Hata dakika moja. Nimekaa na simu mkononi, silali mpaka nimsikie."

Mwalimu alimwangalia Binti, na Binti alikuwa amesikia kila kitu, maana Bibi hakuwahi kuamini kwamba simu inafikisha sauti bila kupigiwa kelele.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema simu ya Sikio haina chaji, au kazi itachelewa kwisha. Angempigia shemeji, na shemeji angesema ngoja kwanza. Lakini alimwona yule mama amekaa na simu mapajani leo jioni, na kesho, na keshokutwa, akiitazama simu isiyoita. Kumficha mtu msiba, alidhani anaweza kulibeba hilo. Kumwacha asubiri simu ya mwanawe aliyekwisha kuzikwa, hapana. Akapiga moyo konde.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa. Kwani vipi?"

"Ile sauti ni ya zamani. Ni rekodi. Aliirekodi miaka ya nyuma, leo wameiweka kwa makosa."

Kwenye simu ilisikika runinga ya Bibi, makofi yaleyale ya sebuleni kwa Mwalimu, yakichelewa kidogo.

"Basi bado yuko hospitali," Bibi alisema.

"Hapana, mama."

"Amerudi nyumbani."

"Hapana, mama."

Mwalimu alisikiliza pumzi ya mama mkwe wake, akiihesabu kwa woga, akingoja isimame kama daktari alivyosema.

"Mlimzika mimi nikiwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye oksijeni, mama. Hukuwa unajitambua. Tuliogopa kukupoteza na wewe."

"Na zile salamu? Zile alizokuwa akinitumia?"

"Zilikuwa zangu."

Bibi akaachia ukelele ambao Mwalimu aliusikia mpaka kwenye mifupa. Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni, jina ambalo Mwalimu hakuwahi kulisikia katika miaka yote ya ndoa. Aliliita tena na tena. Ule moyo dhaifu haukusimama. Ulifanya kile ambacho moyo wa mama ungefanya siku ya kwanza kama wangeuachia. Na Mwalimu, ambaye tangu mazishi alilia kwa ruhusa ya bomba la bafuni, akafungua kinywa akalia kwa sauti yake yote, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi. Binti akazima runinga.

"Usikate simu," Bibi alisema katikati ya kilio.

"Sikati, mama."

"Sina mtu hapa. Nani atakuja kwangu siku hizi? Usikate."

"Sikati."

Simu ikalia kwamba chaji inakwisha. Binti akakimbia kuleta chaja, akaichomeka ukutani, na waya ukawa mfupi, haufiki kwenye kochi. Basi Mwalimu akashuka akakaa sakafuni, mgongo ukutani, Binti akakaa ubavuni pake, simu ikawekwa katikati yao, na wote watatu wakaanza kumlilia mtu wao.