Ugomvi Uliokosa Sentensi

Mwalimu Matthias alifundisha mantiki katika shule moja ya sekondari mjini Kamina, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la watu wawili wanaobishana. Mwanafunzi anasomewa maneno yao, kisha anaulizwa: hasa wanapingana juu ya nini?

"Musisikilize makelele," aliwaambia. "Tafuteni sentensi moja, ile huyu anasema ndiyo na mwenzake anasema hapana. Kama haiko, basi hakuna ubishi. Kuko tu bantu babili banapayuka."

Waliokosea aliwacheka mpaka machozi yakatoka, yake ya kicheko, yao ya haya.

Binti yake, Tamar, alikuwa akisomea uuguzi. Siku aliposema anataka kuolewa na Ismaili, hakuna aliyeshangaa. Ismaili alikuwa mtoto wa Papa Feruzi, muuza vitambaa sokoni, wa zile familia za Waislamu zilizotoka Maniema zamani. Papa Feruzi akaja kuposa pamoja na ndugu zake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Kabla wageni hawajapewa viti, Matthias alikuwa amekwisha kuanza hotuba.

"Mutoto wangu atamaliza masomo!" alimalizia, kidole juu.

Papa Feruzi hakupenda kuhutubiwa wima, tena bila hata maji ya kunywa. "Na wangu habatizwi!" akajibu, akageuka, akaondoka na ndugu zake wote.

Vita vikaanza hapo. Masika nzima Matthias aliwaeleza walimu wenzake jinsi elimu ya wasichana inavyohujumiwa, na Papa Feruzi akawaeleza wateja wake jinsi dini ya mababu inavyowindwa. Shemasi Zébédée, wa kanisa la mwalimu, akaunda kamati ya upatanisho. Kamati ikakutana, ikagawanyika, ikahitaji kupatanishwa.

Mama Éliane, mke wa mwalimu, na Mama Hawa, mke wa Feruzi, walikuwa wamekwisha kuchagua kitenge cha sare na kupimwa kwa fundi.

"Banaume batachoka," alisema Mama Hawa.

"Wako labda. Wangu, kusema njo kazi yake."

Ismaili alikonda. Tamar hakukonda, alikasirika. Jumapili moja baada ya ibada aliwaita baba wote wawili sebuleni kwao, akawakalisha mwenyewe, Papa Feruzi kwanza, akawapa maji.

"Papa Feruzi, nikiolewa kwenu, minyi niache masomo?"

Papa Feruzi alishtuka. "Nani alisema vile? Nesi ndani ya familia, na hii presha yangu? Maliza, mutoto, maliza mbio!"

Matthias akakohoa.

"Na weye, Papa. Ismaili abatizwe?"

"Nilisema vile wapi? Kwaya yetu iko na sauti mbaya za kutosha. Akae na dini yake, aheshimu yako."

Papa Feruzi alimtazama Matthias kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta uko wazi.

"Basi Papa," alisema Tamar, "nipe sentensi. Moja tu. Ile weye unasema ndiyo, na Papa Feruzi anasema hapana."

Tamar alimsubiri baba yake vile yeye alivyozoea kuwasubiri wanafunzi, bila huruma.

"Alinihutubia mbele ya bandugu yangu," Papa Feruzi alinung'unika, "ata kiti hakunipa."

"Na ye alinigeuzia mugongo nyumbani kwangu!"

"Sasa naiona," alisema Tamar. "Sentensi ni hii: 'Mwalimu Matthias njo mukubwa.' Weye unasema ndiyo, ye anasema hapana. Masika yote ilikuwa ile tu. Minyi na Ismaili hatukuwa mule ndani ata kidogo."

"Unanifundisha somo langu?" Matthias alifoka.

"Hapana, Papa. Ninasahihisha."

Papa Feruzi aliangua kicheko.

"Papa Feruzi, samahani, unacheka nini? Mulikuwa babili."

Kicheko kikakatika. Mama Éliane akaleta bukari, ugali wa kwao, na samaki, na wanaume wakala bila kutazamana. Walipomaliza, ndoa ilikuwa imekubaliwa. Kisha, kabla hawajanawa mikono, Matthias akauliza, kama mtu anayetaja hali ya hewa tu, ni nani atakayetangulia kuhutubia siku ya sherehe.

"Baba ya bwana arusi!" alisema Papa Feruzi.

"Baba ya bibi arusi!" alisema Matthias, na uso wake ukang'aa. Safari hii walikuwa wamepata ubishi halali kabisa, na waliukumbatia wote wawili. Tamar akaondoa sahani.

Walifunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali, kiangazi kilipoanza. Kwenye karamu baba wote wawili walisimama kwa pamoja, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kungoja, wakahutubia kwa pamoja. Wageni wakaendelea na kuku. Mama Hawa akapunga mkono muziki uanze, lakini mwenye muziki aliwaogopa wazee.

Ismaili alikuwa akicheka. Tamar naye alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa na kutega sikio, akichambua sauti moja kutoka kwa nyingine, asikie watakapomtaja. Elimu ilitajwa. Mababu walitajwa, Maniema ikatajwa, kamati ya Shemasi Zébédée ikashukuriwa mara mbili. Jina lake hakulisikia kwa baba yeyote.

Akamwomba Ismaili amsogezee pilipili, akala.